Mzee wa maziwa lala: Maisha ya Ilya Mechnikov na kibuyu chetu cha mursik

Kama umewahi kusimama pale uwanja wa ndege wa Eldoret siku mwanariadha wetu anarudi na medali, unajua kinachofuata. Kabla waandishi wa habari hawajamfikia, anapewa kibuyu. Anakiinua, anapiga funda refu la mursik, na watu wanashangilia. Hakuna anayeuliza ndani ya kibuyu mna nini. Ni maziwa, bana. Maziwa yaliyolala.

Leo hebu tuulize. Maziwa yale yalipomiminwa kibuyuni yalikuwa matamu. Nani aliyafanya yachachuke? Jibu fupi, na usitapike, ni bakteria. Wanakula sukari ya maziwa inayoitwa laktosi, wanapata nguvu ya kuishi na kuzaana, halafu kile wasichokihitaji wanakitupa nje. Hicho wanachokitupa ndicho asidi ya laktiki, ule ukali unaokufanya ufumbe jicho moja. Kwa maneno ya mtaani, unakunywa taka za wadudu wasioonekana, na unaomba uongezewe.

Mtu aliyeifanya dunia izungumze kuhusu taka hizo mezani na magazetini alikuwa mzee mmoja wa ndevu nyingi na nywele zilizotimka, jina lake Ilya Mechnikov. Wafaransa walimwandika Élie Metchnikoff. Kama ulisoma biolojia shuleni, umekutana na kazi yake hata kama jina lilikupita. Kaa nikusimulie, kwa sababu maisha yake yanatugusa sisi watu wa Sisibo kuliko unavyodhani.

Mechnikov alizaliwa Mei 1845 katika kijiji karibu na Kharkov. Sehemu hiyo leo ni Ukraine, lakini wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Babake alikuwa afisa wa jeshi, naye alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Alikuwa mtoto asiyetulia. Alipopenda mimea na wadudu, alianza kuwafundisha ndugu zake na watoto wa jirani, na kwa kuwa hawakutaka kusikiliza, aliwalipa kwa pesa zake za mfukoni. Hebu fikiria mwalimu anayelipa wanafunzi!

Chuo kikuu cha Kharkov alikiingia mwaka 1862, na kozi ya miaka minne akaimaliza kwa miwili. Sisi wengine tulioachia chuo njiani tunasoma mstari huo huku tukikohoa kidogo. Alipokuwa na miaka 22 tayari alikuwa anafundisha chuo kikuu cha Odessa, na baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wakubwa kuliko yeye.

Usidhani basi kwamba mambo yalimnyookea. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, msichana aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Siku ya harusi bibi harusi alibebwa kwenye kiti hadi kanisani kwa sababu hakuwa na nguvu za kutembea. Kwa miaka minne Mechnikov alizunguka naye akitafuta hewa nzuri na jua, hadi kisiwa cha Madeira. Huko ndiko Ludmila alikofariki mwaka 1873. Huzuni ilimlemea kijana yule kiasi kwamba alijaribu kujiua. Aliponea. Sikwambii hivi ili nikuogofye. Nakwambia kwa sababu kila kitu nitakachokusimulia kuanzia hapa, Tuzo ya Nobel ikiwemo, kilikuja baada ya usiku ule. Ukijikuta mahali kama pale, ongea na mtu leo, usingoje kesho.

Mwaka 1875 alioa tena. Mkewe wa pili, Olga, ndiye aliyekuja kuandika maisha yake. Mwaka 1880 Olga aliugua homa ya matumbo akakaribia kufa, na Mechnikov akaingia tena gizani. Safari hii alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya kurudirudi, akisema anataka kujua kama ugonjwa huo hupitia kwenye damu. Uliingia kweli. Aliugua vibaya mno, akapona, na ajabu ni kwamba mtu aliyekuwa anaona ubaya kila mahali aliamka akiwa anaupenda uhai. Tangu hapo alikuwa mtu wa matumaini, hata akaandika vitabu kuhusu matumaini hayo.

Huko Urusi siasa zilikuwa zimechafuka baada ya mfalme kuuawa mwaka 1881. Mechnikov alijiuzulu kazi Odessa na kuhamia Messina, mji wa pwani huko Sicily, pamoja na Olga na wadogo zake Olga waliokuwa chini ya uangalizi wao. Siku moja mwishoni mwa 1882 familia ilienda kutazama nyani wa sarakasi. Yeye akabaki nyumbani na hadubini yake.

Alikuwa anamwangalia kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, lakini akiwa bado mchanga kabisa na mwili wake unaonyesha ndani kama kioo. Ndani yake aliona seli zinazotembea. Akajiuliza: je, seli hizi ni askari? Alitoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaidunga chini ya ngozi ya wale wanyama wadogo. Asubuhi yake seli zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote, kama umati wa soko unavyomzunguka mwizi.

Huo ndio mwanzo wa kuelewa kwamba mwili una seli zinazokula wavamizi. Wataalamu waliziita fagosaiti. Ukichomwa na mwiba shambani na kidole kikatunga usaha, usaha ule kwa sehemu kubwa ni seli hizo zilizokufa vitani.

Mwaka 1886 alirudi Odessa kuongoza kituo kipya cha bakteria, na hapo alipata taabu tupu. Madaktari hawakumtaka kwa sababu hakuwa daktari. Halafu akiwa safarini, wasaidizi wake walitoa chanjo ya kimeta na kondoo wakafa kwa maelfu. Akaona basi. Mwaka 1888 alimwendea Louis Pasteur huko Paris, mzee akampa maabara, na Mechnikov akakaa Taasisi ya Pasteur miaka 28, hadi alipofariki.

Wanasayansi wa Ujerumani walimpinga kwa miaka mingi. Wao waliamini kinga iko kwenye majimaji ya damu, yeye akashikilia kwamba iko kwenye seli. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ilipewa Mechnikov pamoja na Paul Ehrlich, Mjerumani wa upande ule wa pili. Leo tunajua kwamba kinga inahitaji vyote viwili.

Sasa twende kwenye maziwa.

Alipokuwa anakaribia miaka 60, Mechnikov alianza kujiuliza kwa nini tunazeeka. Macho yake yalimpeleka kwenye utumbo mpana. Humo mnaishi bakteria wasiohesabika. Wengine wao hula mabaki ya protini, tuseme ya nyama uliyokula jana, na taka wanazotupa ni vitu kama indoli na fenoli, vyenye harufu unayoijua bila kuambiwa. Mechnikov aliamini vitu hivyo vinaingia kwenye damu na kutuchakaza polepole, siku baada ya siku.

Halafu akakumbuka jambo ambalo kila kogo wa Uasin Gishu analijua: nyama ukiiacha inaoza, lakini maziwa yakichachuka yanakaa. Kwa nini? Kwa sababu asidi ya laktiki ni taka kali. Bakteria wa maziwa wanapoitupa, maziwa yanakuwa makali, protini inagandamana na kuwa nzito, na bakteria wa kuozesha hawawezi kuishi humo. Wenye nyumba wanawafukuza wageni kwa taka zao wenyewe. Basi, aliwaza mzee, tukiwaingiza bakteria hao tumboni, si watafanya kazi ile ile?

Alisikia kwamba kule Bulgaria kuna wakulima wanaoishi miaka mingi sana na chakula chao ni maziwa ya mgando. Juni 1904 alitoa mhadhara kuhusu uzee mjini Paris. Magazeti yaliposhika habari ile, watu walichanganyikiwa. Kila mtu alitaka maziwa lala, na maduka ya dawa yakaanza kuuza bakteria wa kuchachusha maziwa. Mwaka 1905 Mbulgaria mmoja mwanafunzi wa udaktari, Stamen Grigorov, aliyekuwa Geneva, alimtambua bakteria wa maziwa yale ya kwao. Mechnikov mwenyewe alikunywa maziwa ya kuchachuka kila siku.

Biashara ilinusa haraka. Mwaka 1919 huko Barcelona, Isaac Carasso alianzisha kampuni ya maziwa ya mgando iitwayo Danone, na mwanzoni yaliuzwa kwenye maduka ya dawa. Kila kikopo cha yogati unachokiona dukani leo kikijisifu kuhusu bakteria wazuri kina kivuli cha yule mzee mwenye nywele zilizotimka.

Lakini kulikuwa na upande mbaya. Baadhi ya madaktari walivuka mpaka. Kule London, mpasuaji maarufu William Arbuthnot Lane alikuwa anakata na kuondoa utumbo mpana wa wagonjwa, akiamini anawaokoa na sumu ya ndani. Wazo zuri likishikwa na mtu mwenye haraka linaweza kukutoa utumbo.

Na Mechnikov je? Alifariki Paris Julai 1916, vita vikuu vikiendelea, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 71, mtu aliyeamini kwamba binadamu anaweza kufikisha miaka 150. Majivu yake yamewekwa ndani ya maktaba ya Taasisi ya Pasteur, katikati ya vitabu.

Kwa hivyo alikosea? Nusu nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, watafiti wa chuo kikuu cha Yale walionyesha kwamba yule bakteria wa Bulgaria hakai tumboni mwa binadamu. Anapita tu kama abiria wa matatu. Nao umri wa wale wakulima haukuthibitishwa na maziwa. Lakini kuhusu taka, mzee alikuwa na macho. Indoli inayotoka tumboni huingia kwenye damu kweli, ini huigeuza, na figo huitoa kwa mkojo. Figo zikifa, taka hiyo inajaa mwilini na ni sehemu ya kinachomtesa mgonjwa.

Kitu ambacho hakukiona vizuri ni hiki: kwa bakteria, taka ya mmoja ni ugali wa mwingine. Ndani ya utumbo wako kuna bakteria wanaotupa asidi ya laktiki, na kuna wengine wanaoiokota na kuila, kisha nao wanatupa butirati, ambayo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Ni kama pale sokoni: ganda la ndizi la mama mboga ni chakula cha mbuzi, na mavi ya mbuzi ni mbolea ya sukuma wiki. Hakuna kinachopotea mradi kila mmoja yuko kazini.

Na hapa wakimbiaji wetu wanaingia tena. Misuli ikifanya kazi kwa nguvu hutoa laktati, ndugu wa damu wa asidi ile ya kibuyuni. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walichunguza kinyesi cha wakimbiaji wa Boston Marathon, wakakuta bakteria wa jamii ya Veillonella wameongezeka baada ya mbio. Bakteria hao wanaishi kwa kula laktati, na wanachotupa ni propionati. Walipowapa panya bakteria hao, panya walikimbia muda mrefu zaidi kwa asilimia 13. Nimesema panya. Usikimbilie dukani na pesa za kodi ya nyumba.

Sasa nikurudishe kwenye kibuyu, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Kibuyuni hamna bakteria pekee. Mna hamira pia, zile za porini zinazoingia zenyewe. Hamira zinapokula sukari hutengeneza alkoholi, na njiani kabla ya kufika kwenye alkoholi kunatokea kitu kinachoitwa asetaldehidi. Mwili wako unakijua: ukinywa pombe, ini lako hugeuza alkoholi kuwa asetaldehidi, kisha huivunja haraka iwe kitu kisicho na madhara. Lakini mdomoni na kooni uvunjaji huo ni dhaifu, na bakteria wa mdomoni nao huongeza asetaldehidi kutoka kwa alkoholi iliyobaki kwenye mate. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka asetaldehidi inayotokana na unywaji wa pombe kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Yaani taka ya mmoja imefika mahali ambapo hakuna wa kuiokota kwa wakati.

Kwa nini nakwambia? Kwa sababu saratani ya umio, ile bomba inayopeleka chakula tumboni, inatumaliza upande huu wa nchi. Mwaka 2010 madaktari waliohudumu hospitali ya Tenwek, Bomet, waliripoti kwamba wagonjwa wao walikuwemo hata vijana wa chini ya miaka 30. Hao ni rika letu. Mwaka 2013 watafiti walipima mursik kutoka magharibi mwa Kenya wakakuta alkoholi na asetaldehidi, na sampuli kadhaa zilifikia kiwango kinachoweza kuharibu DNA. Waliandika kwamba huenda hiyo ni sababu mojawapo. Huenda. Hawakusema mursik ndiyo muuaji.

Utafiti mwingine, uliofanywa papa hapa Eldoret kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na kuchapishwa mwaka 2019, ulilinganisha wagonjwa wa saratani hiyo na watu wasio nayo. Pombe ilitajwa kwa uzito mkubwa, na vinywaji vya moto sana pia. Ile chai tunayoipuliza mara moja na kuimeza ikiwa bado inachemka, ndiyo hiyo.

Najua kuna watakaosoma hapa wakasema naitusi mila. Wengine watasema tutupe vibuyu vyote. Wote wawili wangemfurahisha Arbuthnot Lane na kisu chake. Mursik ni mama zetu, ni harusi zetu, ni medali zetu, na ndani yake mna bakteria wa laktiki ambao wamewalinda watoto wa ufugaji dhidi ya maziwa yaliyooza tangu kabla jokofu halijabuniwa. Lakini kibuyu ni nyumba, na nyumba inategemea nani anaishi humo. Kogo zetu walilijua hili bila hadubini: ndiyo maana walisugua kibuyu hadi ndani kabisa, wakakifukiza na kukipaka mkaa wa senetwet, wakachemsha maziwa na kuyapoza kabla ya kuyamimina. Wengi wetu tuliohamia Langas, Huruma na Kapsoya tumebaki na kiu ya mursik, tukaacha kazi ya kusugua.

Kwa hivyo, msomaji wangu, usiitupe mursik. Uliza imetengenezwaje. Maziwa yachemshwe, kwa sababu mabichi yanaweza kuwa na viini vya magonjwa ya ng'ombe. Kibuyu kisafishwe kila mara. Ikikaa sana ikaanza kutoa mapovu na kunukia kama pombe, jua hamira zimechukua usukani, usiwape watoto. Chai iache ipoe kidogo. Pombe punguza, ama uiache kabisa. Na kama wewe au mzazi wako anahisi chakula kinakwama kikishuka, msikae nyumbani mkibadilisha dawa za kienyeji miezi mitatu. Nendeni hospitali wiki hii, muulize kuhusu kipimo cha kamera ya kooni.

Na vijana mnaosomea sayansi pale Moi na kwingineko, kazi iko hapa nyumbani. Tunahitaji mtu wa kuwachagua bakteria wazuri wa mursik na kutengeneza mbegu ambayo mama yeyote anaweza kuitia kibuyuni, ladha ibaki ile ile na hamira mbaya zikose nafasi. Mechnikov alianza na miiba ya bustanini na hadubini moja, watu wa kwake wakiwa wameenda kutazama nyani.